Lafaulu kwa Jirani, Laanguka kwa Serikali

Karatasi ya pili ilitoka mashineni saa sita kasoro dakika kumi. Breki, duara. Taa, duara. Magurudumu, duara. Kwenye mstari wa moshi palikuwa na msalaba, yaani limeanguka, kama kwenye karatasi ya kwanza.

Sanae Kogure aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni mwa koti. Alikuwa amefika katika kituo hicho cha ukaguzi wa magari, nje kidogo ya Maebashi, robo saa tu iliyopita, akiwa na tochi, daftari na njaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpelelezi wa polisi wa mkoa, kitengo cha wizi. Siku hizi alijitegemea, lakini waliomjua bado walimwita Afande, naye hakuwakataza.

Ukumbi wa kusubiria ulijaa. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Machi, wiki ambayo mkoa mzima hukumbuka kwa pamoja kwamba gari lina cheti na cheti kina mwisho. Katikati ya umati huo walisimama wanaume wawili, kila mmoja akimpa mwenzake mgongo.

"Afande, mimi si mtu wa kusema ovyo," alisema yule mrefu, Yoshiharu Shinozuka. Alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu mwaka jana tu, na sauti yake bado ilifika dawati la mwisho bila kipaza sauti. "Masega ya gari langu yameibwa, na aliyeyaiba yuko humu ndani."

Watu wapatao arobaini waliinama kuangalia viatu vyao kwa adabu. Yule mwanamume wa pili, fundi Minoru Onozato, alivua kofia yake ya kazi, akaikunja, akaikunjua, akaivaa tena.

Masega ni lile kopo la chuma katikati ya ekzosi, lenye matundu ndani kama sega la nyuki, linalochuja sumu kwenye moshi. Ndani yake mna madini ya thamani, na majira yale ya baridi wezi walikuwa wameyang'oa kwenye magari kadhaa mkoani. Gari la Shinozuka lilikuwa la michezo, la viti viwili, la kijani kibichi, lenye umri wa miaka ishirini na sita. Lilikuwa limelala siku tano katika gereji ya Onozato kwa matengenezo. Leo mwenyewe amelileta kukaguliwa, nalo limetoa sumu karibu mara mbili ya kiwango.

"Kwa ombi moja unaruhusiwa kuingia mara tatu kwa siku," Shinozuka aliendelea. "Nimebakiza mara moja, mchana huu. Likianguka, saa kumi niko kituo cha polisi naandikisha wizi."

"Na klabu?" Kogure aliuliza.

"Mimi ni mwenyekiti. Wanachama wana haki ya kujua."

Klabu ya magari ya zamani ndiyo iliyompa Onozato mkate kwa miaka thelathini na mmoja. Mwenyekiti akisema neno moja, wiki ijayo gereji ingebaki na mtu mmoja ndani, naye ni Onozato mwenyewe na spana zake. Ndiyo maana, baada ya msalaba wa kwanza, Onozato, aliyekuwa amekuja kushuhudia ukaguzi, alikwenda nyuma ya choo cha kituo na kumpigia Kogure simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Tuanze pale lilikofaulu," alisema Kogure.

Maana lilikuwa limefaulu, na hapo ndipo penye kizungumkuti. Nje ya lango la kituo, mita mia na ishirini hivi, kuna kibanda cha Tokuko Moteki, ambako watu hupima gari kwanza kabla ya kwenda kuaibika mbele ya serikali. Asubuhi ile gari la kijani lilipita kwa Moteki mara mbili. Mara zote mbili mashine yake ilisoma sufuri nukta moja. Kiwango cha juu cha serikali ni moja. Mita mia na ishirini baadaye mashine ya serikali ikasoma moja nukta nane, na mara ya pili mbili kamili.

Kogure alipanda na Shinozuka kwenda huko, Onozato akafuata kwa miguu. Gari liliunguruma mpaka kiti kikatetema.

"Nani aliliendesha kwenye ukaguzi wa miaka miwili iliyopita?" aliuliza.

"Unasemaje?"

Ikabidi arudie kwa kupaza sauti.

"Onozato," Shinozuka alijibu, naye akipaza. "Nilikuwa kazini. Safari zote alilileta yeye."

Kogure aliandika.

Moteki alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye glavu za mpira na ulimi mwepesi. Alipoliona gari, aliweka mikono kiunoni.

"Mwalimu, hii mara ya tatu leo. Si nikupangishe chumba kabisa?"

"Pima tu, mama."

Aliingiza mrija kwenye ekzosi. Namba zilipanda, zikashuka, zikatulia. Sufuri nukta moja.

"Haya," alisema Moteki. "Mashine yangu haina neno."

"Au imepangwa," alisema Shinozuka.

"Imepangwa na nani, mwalimu? Mimi na Onozato tumeungana kukuibia kopo la moshi? Mwenzako nina mgongo mbovu, hata chini ya gari siingii."

Kogure aliomba orodha ya siku. Magari kumi na moja yalikuwa yametoka kibandani tangu asubuhi. Alitembea mpaka kaunta ya kituo, akauliza moja baada ya jingine, akarudi na jibu. Kumi yalifaulu moshi, pamoja na gari la mikate lenye umri mkubwa kuliko hili la kijani. Mashine ya Moteki ilikuwa safi, na ya serikali pia.

"Jeki," alisema.

Onozato alilipandisha gari. Kogure, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, alilala chali juu ya kipande cha boksi na kusukumia kichwa chini. Alikaa huko dakika sita. Walichoona wengine ni viatu vyake tu na mwanga wa tochi ukitambaa.

"Fundi, namba ya masega iko kwenye daftari lako la matengenezo?"

Onozato aliisoma. Kutoka chini Kogure aliirudia tarakimu kwa tarakimu. Zilikuwa zilezile.

"Daftari ni lake," Shinozuka alisema. "Anaweza kuandika anachotaka."

"Kweli. Lakini kutu si yake. Njoo uone, mwalimu."

Shinozuka alisita, akatazama suruali yake iliyopigwa pasi, kisha akalala chini. Kogure alimulika boliti nne, moja moja. Kutu ilikuwa imezifunika pamoja na chuma zilichoshikilia, ganda moja lisilo na ufa. Spana ingepita hapo wiki hii, ingeacha mng'aro.

"Hizi hazijafunguliwa kwa miaka mingi," alisema. "Hakuna aliyeiba chochote. Na kama masega yangekuwa feki, gari lisingesoma sufuri nukta moja hapa."

"Basi kwa nini linaanguka kule?"

Kogure aligonga tochi kwenye kiganja, ameudhika. Onozato, aliyekuwa hajasema zaidi ya maneno kumi tangu asubuhi, alikohoa.

"Labda kuna mpira wa hewa wenye ufa, Afande. Unafunguka injini ikichemka."

Walikagua mipira yote kwa maji ya sabuni, injini ikiwa inawaka. Hakuna povu lililotoka. Walichomoa plagi, zilikuwa na rangi ya biskuti, yaani hali njema kabisa. Chujio la hewa lilikuwa jipya. Ilipotimu saa sita na nusu, wote wanne walikuwa na mikono myeusi na hawakuwa wamepata kitu. Moteki alileta maandazi ya kuchoma yaliyopakwa miso, rojo tamu la soya, wakala wamesimama, upepo wa mlima Akagi ukiwapiga vumbi machoni.

Shinozuka alitazama saa.

"Mwalimu," Kogure alisema, "nisimulie safari ya pili. Kutoka hapa mpaka kwenye mrija wa serikali. Usiache kitu."

"Nilitoka hapa saa tano na dakika tano. Nikaingia kwenye foleni. Dakika thelathini na tano. Nikaingia kwenye mstari wa ukaguzi, mkaguzi akaingiza mrija, likaanguka. Hakuna cha zaidi."

"Kwenye foleni ulifanya nini?"

"Nilisubiri."

"Ulisubirije?"

"Afande, mtu anasubirije? Nilikaa. Nilikunywa chai. Gari la mbele lilikuwa na redio, vijana wa sekondari walikuwa wanacheza besiboli. Raundi ya tisa. Mpigaji wa mwisho akakosa mipira mitatu mfululizo, maskini, mtangazaji mwenyewe akashusha sauti kwa huruma."

Kalamu ya Kogure ilisimama.

"Dirisha lako lilikuwa wazi?"

"Kwa upepo huu? Limefungwa."

"Mama Moteki, una redio?"

"Ninayo, ila ni mbovu kidogo kama mwenyewe."

"Iweke pale, mbele ya gari, umbali wa gari moja. Sauti ya kawaida. Mwalimu, tuingie ndani."

Walifunga madirisha. Shinozuka aliwasha injini. Gari liliunguruma. Mbele yao, Moteki alinyoosha kidole kwenye redio, midomo yake ikienda kwa kasi.

"Unasikia nini?" Kogure alipaza sauti.

"Sisikii kitu."

"Zima."

Alizima. Ndani ya gari ikaja sauti nyembamba lakini dhahiri ya mtu akisoma bei ya vitunguu.

Kogure alimgeukia. "Mtangazaji alishusha sauti, na bado ukamsikia. Ulikuwa umezima injini."

"Bila shaka nilizima," alisema Shinozuka. "Kuna kibao pale. Tafadhali zima injini unaposubiri. Magari yakisogea, nawasha, nasogea, nazima. Mara sita au saba."

"Na hukusema."

"Nilisema nilisubiri. Ndivyo mtu anavyosubiri. Nyuma yangu kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga. Nimuungurumie mtoto dakika thelathini na tano? Nimefundisha adabu miaka thelathini na minane, Afande. Mtu hasimulii kwamba alipopiga chafya aliziba mdomo."

Onozato alikuwa amesikia. Alikuja mpaka dirishani, akasahau kuvua kofia.

"Mwalimu, masega hayachuji yakiwa ya baridi. Yanataka moto, moto hasa, wa kuunguza mkono. Na hayo yamezeeka. Ukizima katika upepo huu, dakika kumi tu yamepoa. Ukiwasha tena, injini inamwaga petroli nyingi kama inapowashwa alfajiri, na moshi unapita hivihivi."

"Nadharia," alisema Shinozuka, lakini sauti yake haikufika dawati la mwisho.

"Tuijaribu," alisema Kogure. "Nina nusu saa. Na wewe unayo."

Walilisogeza gari mahali penye upepo, kama kulivyo kule kwenye foleni. Kogure alishika saa. Kila baada ya dakika tano alinyoosha kidole, Shinozuka akawasha, akasogea hatua tatu, akazima. Saa saba na dakika nne Kogure alisema washa, Moteki akaingiza mrija.

Moja nukta tisa.

Moteki alizungusha mashine ili wote waione. Ilikuwa mashine ileile iliyosoma sufuri nukta moja saa moja kabla, gari lilelile na masega yaleyale. Kogure alijisikia vizuri kama ambavyo hakuwahi tangu alipoacha kazi ya polisi, na hakuona haja ya kuficha. Alicheka kwa sauti, peke yake, mikono meusi kiunoni.

"Nimekukamata," aliliambia gari.

Shinozuka alikuwa bado ameshika usukani. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Miaka miwili iliyopita," alimuuliza Onozato bila kumtazama, "ulifanyaje kwenye foleni?"

"Naliacha liungurume. Nashuka, naomba radhi kwa gari la mbele na la nyuma, narudi. Tukikaribia mlango napiga resi dakika mbili, kwa nguvu. Kila safari napata macho mabaya, lakini nimezoea."

"Uliomba radhi kwa ajili ya gari langu."

"Ni gari lenye makelele, mwalimu."

Shinozuka alishuka. Asubuhi, mbele ya ukumbi mzima, alikuwa ametangaza kwamba Onozato hataliendesha tena gari hilo maisha yake yote. Sasa alitoa ufunguo, akaushika kwa mikono miwili, akauinua usawa wa kifua kama alivyokuwa akikabidhi vyeti shuleni.

"Endesha wewe, fundi. Mimi mguu wangu hautakubali kukanyaga resi mbele za watu. Kuomba radhi nitaomba mwenyewe."

Onozato alifuta mikono yake kwenye suruali, mara mbili, kabla ya kuupokea.

Foleni ya mchana ilikuwa na magari thelathini na moja. Yote yalikuwa kimya, madereva wakisoma au wakisinzia. Gari la kijani liliingia mwisho likiunguruma, na vichwa vikainuka kimoja baada ya kingine. Shinozuka alianzia kwenye gari lililokuwa mbele yake. Alisimama dirishani, akainama mpaka mgongo ukawa kama meza, akasema sababu, akainama tena, akaenda kwenye linalofuata. Kogure alimfuata nyuma hatua tano, maana hakutaka kukosa hata neno.

"Baba, unaomba radhi, kwani umefanya nini?" aliuliza mwanamke mwenye gari la kubebea miche.

"Gari langu linapiga kelele na halitazimwa."

"Nilidhani umenigonga. Nenda salama."

Dereva wa lori alishusha kioo kabisa. "Mzee, usiniombe radhi. Mlio mtamu huo. Mwambie akanyage."

"Atakanyaga zaidi karibu na mlango," Shinozuka alisema kwa uchungu. "Nakuomba radhi na kwa hilo pia."

Alifika gari la kumi na saba ndipo foleni ikaanza kusogea. Alianza kukimbia. Mwalimu mkuu mstaafu, tai ikipepea begani, alikimbia kutoka dirisha hadi dirisha, akiinama huku anahema, na kufikia la ishirini na tano watu walikuwa wanashusha vioo kabla hajafika. Wengine walikuwa wanamwinamia wao kwanza.

Gari la kijani lilipofika mlangoni, Onozato alikanyaga. Mlio ulipanda, ukajaa chini ya paa la bati, ukakaa huko dakika mbili nzima. Mkaguzi, kijana mwenye kofia ngumu, alikunja uso na kusubiri. Kisha akaingiza mrija.

Shinozuka alikuwa amefika, ameshika nguzo, akipumua kwa mdomo. Kogure alisimama kando yake. Ubao wa taa juu ya mstari ulikuwa mweusi.

Ukawaka duara.

Chini yake, namba: sufuri nukta sufuri sita. Dereva wa lori alipiga honi, na Moteki, aliyekuwa amefunga kibanda chake katikati ya siku yenye kazi kuliko zote za mwaka, alimpiga Onozato kofi la bega kupitia dirishani. Onozato alikuwa ameinamisha paji la uso juu ya usukani na hakuinuka mpaka mkaguzi alipomwomba kwa upole asogee, kuna watu nyuma.

"Kesi imefungwa," Kogure alimwambia Shinozuka. "Hakuna mwizi."

"Bado haijafungwa," Shinozuka alisema. "Niliifungua mbele ya watu."

Alirekebisha tai, akaingia ukumbini, akaenda kusimama palepale aliposimama asubuhi. Nusu ya waliokuwa wamekaa hawakuwapo ile saa ya kwanza, wala hawakujua anasema nini. Hilo halikumzuia.

"Samahani kwa kuwasumbua," alianza, na sauti ikafika ukuta wa mwisho. "Asubuhi nilisema hapa kwamba fundi Minoru Onozato ameniibia masega. Hakuiba. Kazi yake ilikuwa safi tangu mwanzo, na gari lilianguka kwa sababu yangu mimi. Nilimkosea mtu mwaminifu mbele yenu. Klabu yangu nitaiambia maneno haya haya leo."

Aliinama kuelekea mlangoni, ambako Onozato alikuwa ametokea na cheti kipya mkononi. Alikaa ameinama muda mrefu.

Mwanamke wa gari la miche, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na karatasi yake ya moshi yenye msalaba, ndiye aliyeuliza kwanza.

"Huyo fundi, gereji yake iko wapi?"

Onozato alikuwa anajifuta uso kwa kofia.

"Isesaki," alisema Shinozuka, akiwa ameshanyooka. "Nyuma ya ofisi ya posta, barabara ya mfereji, mlango wa bluu. Gereji Onozato."

Aliona watu kadhaa wakipapasa mifuko kutafuta kalamu. Akasubiri wote wazipate, kisha akayasema yote upya, polepole, kama imla.